AMY JOHNSON NA NDEGE YAKE YA MWISHO

Mtu akitajiwa jina la Amy Johnson hukumbuka mara moja safari yake ya Australia ya mwaka 1930. Ni haki kukumbuka hivyo, kwa kuwa hakuna mwanamke aliyekuwa amefika huko kwa ndege peke yake kabla yake. Lakini ndege iliyompeleka kwenye mauti yake, miaka kumi na kitu baadaye, haikuwa ya mashindano wala ya kuvunja rekodi. Ilikuwa ndege ya kufundishia wanafunzi, na kazi aliyokuwa akiifanya siku ile ilikuwa kama kazi ya tarishi: kuichukua ndege huku na kuikabidhi kule. Nitazieleza habari zote mbili, ila nitakawia zaidi kwenye hii ya pili, maana haisimuliwi sana, na mimi naiona ndiyo yenye kumwonyesha mtu alivyokuwa.

Amy alizaliwa tarehe 1 Julai, 1903, katika mji wa Hull, bandari kubwa ya wavuvi upande wa mashariki wa Uingereza. Baba yake, John William Johnson, alikuwa mfanyabiashara wa samaki, na Amy alikuwa wa kwanza katika mabinti wanne. Alisoma shule ya sekondari pale pale mjini. Alipenda sana michezo, hata ile ambayo wasichana wa siku zile hawakuizoea, na inasemekana kwamba mpira wa kriketi ulimvunja jino la mbele, akawa mwenye haya na kujitenga kwa muda mrefu. Baadaye alikwenda Chuo Kikuu cha Sheffield, akapata shahada mwaka 1925 baada ya kusoma uchumi. Kisha akaenda London kufanya kazi ya ukarani katika ofisi ya mawakili.

Kazi ile haikumtosha. Mwaka 1928 alijiunga na chama cha urubani cha London, kilichokuwa na uwanja wake mahali paitwapo Stag Lane. Hakuwa mwanafunzi hodari. Wako waliojifunza upesi kuliko yeye, na mpaka mwisho kutua kulimpa taabu. Jambo moja lilimtenga na wengine. Wanachama wengi walifika, wakaruka, wakanywa chai, wakaenda zao. Amy alikwenda kwenye banda la mafundi. Alifika alfajiri kabla ya saa za ofisi, akarudi tena jioni, akajipaka mafuta na masizi pamoja na mafundi, akifungua injini na kuifunga. Mwaka 1929 alipata leseni ya urubani, na mwaka huo huo akawa mwanamke wa kwanza wa Uingereza kupata leseni ya ufundi wa ndege. Leseni hii ya pili ndiyo iliyomfikisha Australia.

Kwa msaada wa baba yake na wa Lord Wakefield, tajiri wa biashara ya mafuta ya mitambo, alinunua ndege kuukuu ya aina ya Gipsy Moth kwa pauni 600. Ilikuwa ya mbao na kitambaa, yenye injini moja, na rubani alikaa wazi bila paa, akipigwa na jua, mvua na upepo. Aliipa jina la Jason, ambalo ndilo lililokuwa alama ya biashara ya samaki ya baba yake. Tarehe 5 Mei, 1930, akaondoka Croydon, karibu na London, akiwa na rafadha ya akiba imefungwa ubavuni mwa ndege. Alikuwa na umri wa miaka 26. Safari ndefu kuliko zote alizokuwa amekwisha kuzifanya ilikuwa ya kutoka London kwenda kwao Hull.

Nia yake ilikuwa kuishinda rekodi ya Bert Hinkler, aliyefika Australia kwa siku kumi na tano na nusu mwaka 1928. Alifika Karachi kwa siku sita tu, akimtangulia Hinkler kwa siku mbili, ingawa katika jangwa la Iraki tufani ya mchanga ilimlazimisha kutua na kungoja ipite. Hapo magazeti yaliyokuwa hayamjali yakaanza kumwandika kila asubuhi.

Baada ya kuvuka Bara Hindi mambo yakaharibika. Alipokaribia Rangoon, katika nchi ya Burma, mvua ilikuwa kubwa asiuone uwanja aliokusudia kutua. Akaona uwanja mwingine chini, akashuka. Kumbe ulikuwa uwanja wa michezo wa chuo cha ufundi cha serikali, mahali paitwapo Insein. Ulikuwa mfupi. Ndege ikapita ukingo, ikaingia mtaroni, rafadha ikavunjika na bawa moja likaharibika vibaya. Mtu mwingine angefunga mizigo na kungoja meli. Lakini yeye alikuwa fundi, na bahati ilimwangusha mlangoni mwa mafundi. Walimu na wanafunzi wa chuo wakafanya kazi pamoja naye usiku na mchana, wakachonga mbao mpya za bawa. Tatizo likawa kitambaa cha kulifunika. Ikagunduliwa kwamba baada ya Vita Kuu ya Kwanza vitambaa vya ndege vilivyobaki viliuzwa kwa bei nafuu, na watu walishonea mashati. Mashati yakatafutwa, yakafumuliwa, yakawa ngozi ya bawa. Rafadha ya akiba ikafungwa, na Jason ikaruka tena. Nadhani kwa wanafunzi wa shule hakuna sehemu ya maisha yake iliyo nzuri kuliko siku zile za Insein.

Siku zile ziliiua rekodi. Huko Java alitua katika shamba la miwa, vigingi vya mianzi vikayatoboa mabawa, akaziba matundu kwa plasta ya kufungia vidonda. Tarehe 24 Mei alitua Darwin. Maili 11,000 kwa siku kumi na tisa na nusu: Hinkler hakushindwa, lakini hakuna aliyejali tena. Gazeti la Daily Mail lilimpa pauni 10,000, mfalme akampa nishani ya C.B.E., na watu wakamtungia nyimbo. Siku chache baadaye alipokuwa akitua Brisbane mbele ya umati, Jason ilipinduka miguu juu. Hakuumia, ila alikuwa amechoka kupita kiasi, na shangwe zile zilimchosha kuliko jangwa.

Miaka iliyofuata nitaipitia haraka. Mwaka 1931 aliruka na fundi Jack Humphreys hadi Tokyo kwa kupitia Moscow. Mwaka 1932 aliolewa na Jim Mollison, rubani mashuhuri wa Scotland, na miezi michache baadaye akaivunja rekodi ya mume wake mwenyewe ya kutoka Uingereza hadi Cape Town. Mwaka 1933 wakavuka pamoja bahari ya Atlantiki, wakaanguka usiku karibu kabisa na mwisho wa safari, huko Bridgeport katika Marekani, wakajeruhiwa wote wawili. Mwaka 1936 alivunja tena rekodi ya Cape Town. Mwaka 1938 ndoa ikavunjika. Wakati huo siku za kuvunja rekodi zilikuwa zinakwisha. Makampuni yalikwisha kuanza kupeleka barua na abiria katika njia zile zile ambazo yeye alizipita kwa kubahatisha, na mtu hapewi nishani kwa kwenda pale basi linapokwenda.

Vita vilipoanza mwaka 1939, Uingereza iliunda kikundi cha marubani wa kiraia kilichoitwa Air Transport Auxiliary, kwa kifupi A.T.A. Kazi yao ilikuwa kutoa ndege viwandani na kuzipeleka kwenye vituo vya jeshi, au kuzihamisha kutoka kituo hiki hadi kile, ili marubani wa vita wasipoteze siku zao kwa uchukuzi. Walichukuliwa watu ambao jeshi halikuwataka: wazee, wenye macho mabovu, hata alikuwapo mmoja mwenye mkono mmoja na jicho moja. Mwezi wa Januari, 1940, wakachukuliwa na wanawake wanane, chini ya Pauline Gower. Walianza kwa kuzipeleka ndege ndogo za Tiger Moth, zisizo na paa, katikati ya baridi kali.

Amy hakuwa mmoja wa wale wanane. Alijiunga mwezi wa Mei, akawekwa kituo cha Hatfield, kaskazini ya London. Ndugu msomaji, fikiri kidogo jambo hili. Pauline Gower alikuwa rafiki yake, tena mdogo wake kwa miaka saba, na hakuwahi kuruka kwenda Australia wala Cape Town. Sasa yeye ndiye mkubwa, na Amy, aliyekuwa amekwisha kuwa rais wa chama cha wanawake mainjinia, anapangiwa zamu kama wengine. Mwanzoni jambo hilo halikumpendeza, na kwa kweli lisingempendeza mtu yeyote. Mshahara pia ulikuwa pungufu kwa sehemu moja katika tano kuliko wa wanaume waliofanya kazi ile ile. Usawa ulipatikana mwaka 1943, na Amy hakuuona. Pamoja na hayo yote alivaa sare ya buluu, akaruka zamu zake kwa miezi minane. Kabla ya vita kwisha marubani wa A.T.A. walikuwa wamepeleka ndege zaidi ya 300,000.

Sasa na tuitazame ndege yenyewe. Uingereza ilipoona vita vinakaribia, ilitambua kwamba wanafunzi wake wa urubani walifundishwa katika ndege ndogo za injini moja na magurudumu yasiyokunjwa, hali ndege mpya za kutupa mabomu zilikuwa na injini mbili na vyombo vingi vya kuangalia. Mtu hatolewi ngalawani akapewa merikebu siku hiyo hiyo. Ikatakiwa ndege ya katikati. Kampuni ya Airspeed ya Portsmouth ikaichukua ndege yake ya abiria iitwayo Envoy, ikaigeuza iwe ya kufundishia, ikaipa jina la Oxford. Iliruka mara ya kwanza mwezi wa Juni, 1937, na kabla mwaka haujaisha ikaanza kazi ya kufundisha. Ilikuwa ya mbao, yenye bawa moja kila upande na injini mbili za aina ya Cheetah. Wanafunzi walipokezana kazi ndani yake: leo mtu ni rubani, kesho anapiga hesabu za njia, kesho kutwa anashika simu ya upepo au anajifunza kulenga mabomu. Zilitengenezwa zaidi ya 8,500, zikatumika Uingereza, Canada, Australia, New Zealand na hata Rhodesia ya Kusini. Marubani wengi waliopiga vita katika ndege kubwa walipitia kwanza katika Oxford. Haikuwa na sifa ya mwendo wala ya urembo, na hakuna mtoto aliyebandika picha yake ukutani.

Mwanzoni mwa Januari, 1941, Amy alikuwa Prestwick, katika Scotland. Alikabidhiwa Oxford yenye nambari V3540, aipeleke kituo cha Kidlington, karibu na mji wa Oxford ambao ndio wenye jina lile. Tarehe 4 aliruka hadi Blackpool, akalala kwa mdogo wake aliyeolewa na kukaa mjini humo. Asubuhi ya tarehe 5, siku ya Jumapili, kulikuwa na baridi kali, na mawingu mazito na ukungu vilitanda njia nzima. Kutoka Blackpool hadi Kidlington ni kiasi cha maili 150, yaani mwendo wa saa moja na kitu kwa ndege ile.

Hapa yafaa nieleze sheria ya A.T.A. Marubani wake hawakutumia simu ya upepo. Walikwenda kwa ramani, dira na macho, wakifuata reli, mito na barabara. Kwa hiyo waliamriwa wasiruke juu ya mawingu, bali wabaki mahali ambapo ardhi inaonekana, na hali ya hewa ikiwa mbaya wangoje, hata siku tatu. Sheria hii haikuwekwa kwa ajili ya waoga. Ndege moja iliyochelewa huja kesho, lakini rubani aliyekufa haji tena. Uwanjani Amy alishauriwa angoje. Akaona aweza kupanda, ayapite mawingu juu, kisha atafute tundu la kushukia. Kabla ya saa sita mchana akaruka.

Wako wanaomtetea kwa kusema kwamba alikuwa amezoea hatari kubwa kuliko ile. Mimi naona mazoea hayo ndiyo yaliyomponza. Mwanafunzi wa miezi mitatu asingethubutu kuruka asubuhi ile, na angefika Kidlington siku ya Jumanne akiwa mzima. Katika safari ya Australia kuthubutu ndiko kulikokuwa kazi yenyewe. Katika kazi ya A.T.A. kungoja pia kulikuwa kazi, na sidhani kwamba mtu aliyeshangiliwa na dunia nzima kwa kutongoja hujifunza kungoja kwa wepesi. Nasema hivi bila kumpunguzia heshima.

Juu ya mawingu hakupata tundu. Kushuka gizani bila kujua kilichoko chini kulikuwa hatari kubwa, kwa sababu miji mingi ya Uingereza ilizungukwa na maputo makubwa yaliyofungwa kwa nyaya za chuma, yamewekwa kuzuia ndege za adui. Waya mmoja watosha kukata bawa la mbao. Basi akaendelea kuzunguka, upepo ukimsukuma kidogo kidogo asijue, na petroli ikipungua. Safari ya saa moja ikawa ya saa tatu na zaidi. Yapata saa tisa u nusu alasiri alikuwa zaidi ya maili 100 mashariki ya Kidlington. Aliruka kwa parachuti, na bila shaka alidhani chini yake pana mashamba. Palikuwa na bahari. Alikuwa amefika kwenye mlango wa mto Thames, mbele ya mji wa Herne Bay.

Wakati ule msafara wa meli ulikuwa ukipita mahali pale. Mabaharia wa meli ya H.M.S. Haslemere waliiona parachuti ikishuka katika theluji, na ndege ikaanguka majini si mbali. Meli ikageuza kumfuata. Walisikia sauti ya mwanamke ikiita, wakamtupia kamba, lakini vidole vilivyokufa ganzi havikuweza kuzishika. Mawimbi yalikuwa makubwa, meli ikipanda na kushuka, na alipokaribia tezi akapotea chini yake. Hakuonekana tena.

Nahodha wa Haslemere, Walter Fletcher, hakujua ni nani aliyekuwa majini. Alijitupa baharini. Mabaharia kadhaa walisadiki kwamba kulikuwa na mtu wa pili akielea mbali kidogo, na kwamba Fletcher alimwogelea huyo. A.T.A. haikuwa na habari ya abiria yeyote, na wako wanaoona kwamba walichokiona ni mzigo uliotoka katika ndege, maana mkoba wa Amy uliokotwa majini pamoja na vitu vyake vingine. Fletcher aliopolewa akiwa amezirai kwa baridi, akafariki. Mwezi wa Mei mwaka huo alitunukiwa nishani ya Albert, naye hayupo. Katika masimulizi mengi hutajwa kwa sentensi moja tu, jambo ambalo si haki. Amy alikuwa akifanya kazi aliyopangiwa. Fletcher hakupangiwa na mtu kuingia katika maji yale.

Mtu mashuhuri akipotea hivyo, hadithi hazikosi kuzuka. Ilisemwa kwamba alikuwa na safari ya siri, au kwamba alimchukua jasusi. Mwaka 1999 mzee mmoja aliyekuwa askari wa mizinga alisema kwamba kikosi chake ndicho kilichoipiga ndege ile, baada ya rubani kuulizwa alama ya siku hiyo na kujibu vibaya mara mbili. Huenda mzee alisema aliyoyaamini, lakini ni vigumu kupatanisha maneno yake na desturi ya A.T.A. ya kuruka bila simu ya upepo. Mawingu, baridi na petroli vyatosha kuyaeleza yote, wala havihitaji msaada wa majasusi. Mwezi wa Desemba, 1943, mahakama ilithibitisha kwamba amekufa.

Kidlington ilipata Oxford nyingine, na wanafunzi wakaendelea na masomo yao. Ile Jason ya pauni 600, yenye bawa lililopata kuvishwa mashati ya Insein, imehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho ya Sayansi mjini London. Huko Runnymede, kando ya mto ule ule wa Thames, pana ukumbusho wa watu zaidi ya 20,000 wa angani waliokufa katika vita vile na ambao kaburi lao halijulikani. Jina la Amy Johnson limechongwa humo pamoja na cheo chake cha A.T.A.